Kilo 70 za Jumatatu na kilo 70 za Alhamisi: kisa cha daftari la karani wa ghala

Ukurasa ulionisumbua ni wa wiki ya tisa. Umeandikwa kwa kalamu ya bluu, mwandiko ulionyooka wa mtu anayejaza fomu kutwa nzima: "Jumatatu. Benchi 70 × 8. Safi." Mstari wa chini yake: "Alhamisi. Benchi 70 × 5. Hovyo." Yaani, akiwa amelala chali benchini, aliinua nondo ya kilo 70 mara nane Jumatatu na mara tano Alhamisi. Nikafunua wiki ya kumi, nikakuta hivyohivyo. Ya kumi na moja, hivyohivyo. Jumatatu nane, Alhamisi tano, kilo zilezile na mtu yuleyule.

Mwenye daftari ana miaka 31 na uzito wa kilo 74. Ni karani wa ghala la nafaka hapa Tanga, na ameniruhusu nieleze kisa chake bila kumtaja, kwa hiyo nitamwita Karani. Alikuwa na mwaka na nusu kwenye vyuma aliponijia jioni moja, taulo shingoni. "Kocha, mwili umegoma. Wiki ya nane hii niko palepale kwenye benchi. Nibadilishe programu, au ninunue poda ya misuli?"

"Mdogo wangu," nikamwambia, "kabla ya poda niletee daftari."

Akalileta kesho yake. Kaunta buku yenye jalada gumu, wiki 14 zimeandikwa, haikuchanwa hata karatasi moja. Nasema wazi kwamba nilifurahi, maana wengi ninaowafundisha hutunza mazoezi kichwani, na kichwa hukumbuka siku nzuri tu. Huyu alikuwa ameandika. Kilichobaki ni kujua ameandika nini.

Nilisoma wiki zote 14 mara mbili. Mara ya kwanza nilifuata namba, mara ya pili nilifuata nafasi zilizokosa namba. Zoezi la benchi lilikuwa limepanda vizuri kutoka 55 hadi 70 katika wiki sita za mwanzo, kisha likasimama. Kila siku ilikuwa na mstari mmoja tu kwa kila zoezi, nao ulikuwa wa seti ya mwisho, yaani raundi ya mwisho ya marudio yasiyo na pumziko. Seti mbili za kabla yake hazikuandikwa. Hapakuwa na saa wala muda wa kupumzika kati ya seti. Maelezo yalikuwa neno moja: safi, poa, hovyo. Halafu nikagundua kwamba Alhamisi tatu hazimo kabisa. Nilipomuuliza kama alikosa kuja, akasema alikuja. "Nilibeba vibaya, Kocha. Sikuona cha kuandika."

Hapo nilimrudisha kazini kwake. Gunia la mahindi likiingia ghalani anaandika tarehe, saa, gari, aliyelileta, uzito wa gari likiwa na mzigo, uzito wa gari tupu, na kinachobaki baada ya kutoa. Gunia likiwa limelowa au limepungua, ndilo analoandika kwa uangalifu zaidi, kwa sababu ndilo litakalouliziwa. Kwenye leja ya ghala siku mbaya huandikwa kwa kina kuliko nzuri. Kwenye daftari la mwili wake siku mbaya zilifutika. Aliniangalia, akanyamaza kidogo, akasema, "Kweli."

Sasa niseme nilivyokosea, maana kosa langu ni sehemu ya kisa. Nilipoona nane na tano zikipishana wiki baada ya wiki, nilihukumu haraka kwamba ni uchovu. Jumatano ni siku ya kupokea malori ghalani kwao, na yeye husimama juani tangu asubuhi. Alhamisi anakuja amechoka, nikawaza, basi tumpunguzie. Nikamwambia kila Alhamisi ashuke hadi 60. Wiki mbili zikapita. Jumatatu akapiga 70 mara nane, Alhamisi akapiga 60 bila shida, na hakuna kilichosogea. Nilikuwa nimetoa dawa kabla ya kupima, nikitumia daftari ambalo halikuwa na vipimo vya kunisaidia.

Ndipo tukaanza ukurasa mpya, tukairudisha Alhamisi kwenye 70. Nilimchorea safu chache kwa rula: saa aliyoanza, benchi lipi, nondo ipi, sahani zipi (vyuma vya duara vinavyovalishwa kwenye nondo), kila seti na idadi yake, dakika za kupumzika, akiba, na idadi ya saa alizolala usiku wa jana. Kwa "akiba" namaanisha idadi ya marudio ambayo angeweza kuongeza kabla ya kushindwa. Ukimaliza mara nane ukaona ungeweza mbili zaidi, akiba ni 2. Ukishindwa kuinua ya tisa, ni 0. Kipimo hiki kina ukoo na kazi ya Msweden Gunnar Borg, aliyetunga mizani ya kumuuliza mtu anaona amejitahidi kiasi gani, na wanyanyuaji wakaigeuza iwafae.

Sharti moja nililitilia mkazo: kwenye safu ya sahani, andika kilichopigwa muhuri kwenye chuma, usiandike unachodhani ni uzito wake. Sikuwa na sababu kubwa. Nilitaka tu azoee kuangalia.

Wiki ya pili ya ukurasa mpya ikanipa mistari hii miwili, nainakili kama ilivyo:

"Jtatu, saa 11:05 jioni. Benchi la mlangoni. Nondo nyeusi. Sahani 20, 20, 5, 5. Seti: 10, 9, 8. Pumziko dk 1, nilikuwa peke yangu. Akiba 0. Usingizi saa 7."

"Alh, saa 12:10 jioni. Benchi la ukutani. Nondo ya kung'aa. Sahani 45, 45, 10, 10. Seti: 5, 5, 5. Pumziko dk 4, tulikuwa watatu tunapokezana. Akiba 0. Usingizi saa 7."

Nilipoiona ile 45 nilisimama. Haiwezekani sahani mbili za kilo 45 ziwe kwenye nondo ya kijana huyu. Hizo ni ratili, au pauni kama zinavyoitwa siku hizi. Jimu yetu, kama nyingi za mtaani, imekusanywa kidogo kidogo. Kuna mtumba ulioingia na makontena kutoka Marekani, sahani zilizopigwa muhuri 45, 35, 25, 10, zote kwa ratili. Na kuna vya hapahapa, bamba nene lililokatwa kwa gesi karakanani, likatobolewa katikati na kupakwa rangi nyeusi, namba ikaandikwa kwa brashi. Kila mtu hapa anajua kwamba "45 ni ishirini". Inasemwa hivyo tangu nije. (Wazee wa Pwani waliopima karafuu na mbata kwa frasila wangesoma ile ya 35 bila kufikiri, kwa kuwa frasila moja ni takriban ratili 35. Sisi wa kilo ndio tunaotafsiri.)

Nilidhani mwizi amepatikana: ratili zimetuharibia hesabu. Nikachukua kalamu. Ratili moja ni kilo 0.4536, kwa hiyo 45 ni kilo 20.4. Tofauti na 20 ni gramu mia nne tu. Sahani ya 10 ni kilo 4.5 badala ya 5. Moja inazidi, nyingine inapungua, jumla inarudi palepale. Ratili hazikuwa na kosa.

Karani mwenyewe ndiye aliyetoa wazo. "Kocha, ghalani kuna mzani." Mzani wa jukwaa, unaosoma hadi gramu 100, wenye stika ya Wakala wa Vipimo. Mwenye jimu akakubali, bosi wake akakubali, na Jumapili asubuhi tukapakia kwenye guta nondo mbili na sahani zote za upande wa benchi. Tulipima moja moja. Yeye anasoma kwa sauti, mimi naandika, kisha tunaipindua na kuipima tena, kama wanavyofanya kwa gunia lenye utata.

Nondo ya kung'aa: 20.1. Hiyo ilitengenezwa kiwandani, na nondo ya wanaume ya mashindano ya kimataifa ni kilo 20 kamili. Sahani za 45: 20.4 na 20.6. Za 10: 4.5 na 4.5.

Halafu nondo nyeusi, ambayo ni bomba la chuma lililochomelewa vizuizi pande zote mbili. Kwa miaka yote tumeihesabu 20. Mzani ukasema 14.6. Karani alirudia kusoma mara tatu. Sahani za mtaani zilizoandikwa 20 zikasoma 18.3 na 18.9, na zile za 5 zikasoma 4.6 na 4.8.

Tulijumlisha pale pale ghalani, juu ya gunia, kwa kalamu yake ya bluu. "Kilo 70" za Jumatatu zilikuwa 61.2. "Kilo 70" za Alhamisi zilikuwa 70.1. Karibu kilo tisa zilijificha chini ya namba moja.

Ili msomaji aone ukubwa wa kosa hilo: Shirikisho la Kimataifa la Pawalifti (mchezo wa kushindana kunyanyua nondo nzito), IPF, huruhusu sahani ya mashindano ipishane na namba yake kwa asilimia 0.25 au gramu 10. Kwa sahani ya kilo 20 hiyo ni gramu 50. Sahani yetu moja ilipungukiwa gramu 1,700. Simlaumu aliyeikata, alifanya kazi nzuri kwa bamba alilokuwa nalo. Ila namba aliyoipaka haikuwa kipimo.

Sasa turudi kwenye ile mistari miwili tukiwa na uzito wa kweli. Kuna kanuni inayohusishwa na Boyd Epley, kocha wa siku nyingi wa Chuo Kikuu cha Nebraska, ya kukadiria uzito ambao mtu angeuinua mara moja tu: gawanya idadi ya marudio kwa 30, ongeza moja, kisha zidisha jibu kwa uzito ulioinuliwa. Ni makadirio, na hukaribia ukweli zaidi marudio yakiwa machache. Alhamisi, 70.1 mara tano, inatoa 81.8, na seti zote tatu zilikuwa tano. Jumatatu, seti ya kwanza, 61.2 mara kumi, inatoa 81.6.

81.8 na 81.6. Kijana alikuwa na nguvu zilezile siku zote mbili. Siku aliyoiita safi na siku aliyoiita hovyo hazikutofautiana. Malori ya Jumatano hayakuwa na la kujibu, na kilo 60 nilizomwandikia Alhamisi hazikuwa na msingi wowote.

Lakini angalia seti ya tatu ya Jumatatu: nane, inayotoa 77.5. Jumatatu alikuwa akiporomoka, kumi, tisa, nane, ilhali Alhamisi alisimama imara, tano, tano, tano. Safu ya mapumziko ikajibu. Jumatatu alifika mapema, jimu tupu, akipumzika dakika moja na kurudi kulala benchini. Alhamisi alikuta watu, wakipokezana watatu, kila mmoja akingoja zamu karibu dakika nne. Msongamano aliokuwa akiulalamikia ndio uliokuwa ukimpa pumzi. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ulioongozwa na Brad Schoenfeld, uliowafuatilia wanaume 21 waliozoea vyuma kwa wiki nane. Waliopumzika dakika tatu kati ya seti waliongeza nguvu na misuli kuliko waliopumzika dakika moja. Nilikuwa naujua utafiti huo. Ila daftari la zamani halikuwa na safu ya kunikumbusha kuuliza.

Bado kuna swali lililo zito kuliko hayo yote: kwa nini aliganda wiki nane? Nguvu sawa siku zote mbili ni jambo moja, kutopanda ni jingine. Jibu lilikuwa kwenye kanuni aliyojiwekea mwenyewe, imeandikwa ndani ya jalada: "Nikipiga 8 Jumatatu NA Alhamisi, naongeza." Kanuni nzuri sana, mimi mwenyewe ningeiandika. Ila kwa vyuma vile ilimaanisha asubiri mpaka 61.2 na 70.1 zitoe jibu moja. Jumatatu alifikisha nane kila wiki, na nane hiyo haikuhesabika kwa kuwa Alhamisi ilimwangusha. Hakuongeza Jumatatu, kwa hiyo misuli ilipata mzigo uleule ambao ilikwisha kuuzoea. Alhamisi alipambana na uzito ambao Jumatatu haikuwa ikimwandalia. Wiki nane mtu mwaminifu, mwenye bidii, alifungwa na sheria yake mwenyewe kwa sababu ya bomba lenye upungufu wa kilo tano na nusu.

Huwa namkumbuka hapa Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyewatibu askari waliojeruhiwa kwenye Hospitali Kuu ya Gardiner mjini Chicago, na kuchapisha njia yake mwaka 1945. Askari mwenye goti bovu alivalishwa kiatu cha chuma kilichochomekwa sahani, na kila wiki wakatafuta upya uzito ambao angeweza kuuinua mara kumi. Mazoezi ya kuongeza mzigo hatua kwa hatua, kama tunavyoyafanya leo, yamepita mkononi mwake. Njia yote inasimama juu ya jambo moja: kujua mguu uliinua nini wiki iliyopita. Ukiwa hujui, "hatua kwa hatua" haina maana, maana hujui hatua ya jana iliishia wapi.

Tulichobadilisha ni kidogo. Mwenye jimu alileta kopo la rangi nyeupe, tukaandika uzito wa kweli juu ya kila kitu tulichopima, 14.6 kwenye bomba, 18.3, 18.9, hadi vidogo. Karani akahamia benchi la ukutani siku zote mbili, nondo moja, sahani zilezile. Mapumziko dakika tatu kwa saa ya simu, hata kama jimu ni tupu. Tulianza na 67.9, seti tatu. Kanuni yake ya jalada ikabaki karibu ilivyo: seti zote tatu zikifika nane, ongeza jozi ndogo inayofuata, ambayo kwetu ni kilo 2.2. Na hakuna siku isiyoandikwa.

Wiki ya kwanza: 67.9, mara 7, 6, 6. Wiki ya nne zikatimia nane zote, akapanda 70.1. Wiki ya tano, Alhamisi, kuna mstari nilioupenda kuliko wote: "70.1. Seti: 6, 5, 4. Akiba 0. Usingizi saa 3, mtoto anaumwa." Daftari la zamani lingekuwa na nafasi tupu hapo. Safari hii hakuna aliyebadilisha programu wala kupunguza mzigo. Tuliona saa tatu za usingizi, tukasubiri Jumatatu, na Jumatatu akapiga 7, 7, 6. Wiki ya nane zikatimia nane, akapanda 72.3. Wiki ya kumi: 7, 7, 7. Kwa kanuni ya Epley hiyo ni 89.2, kutoka 81.8 ya mwanzo.

Siwezi kusema ni kipi hasa kilimpandisha. Tulirekebisha uzito, tukarefusha mapumziko, na tukaifungua ile kanuni, vyote siku moja. Kama ningekuwa na subira ningebadili kimoja, nikangoja wiki tatu, ndipo nibadili cha pili. Nilimwonea huruma kijana aliyekwisha kupoteza wiki nane, na huruma hiyo imenikosesha jibu. Nikipata kisa kingine cha namna hii nitaanza na uzito peke yake.

Rangi nyeupe haikumpendeza kila mtu. Kuna mmoja wetu, mnyanyuaji hodari, aliyekuwa na "100" yake kwenye benchi la mlangoni: bomba na sahani nne za mtaani. Tulipojumlisha ikawa 88.6. Alikasirika, na namwelewa, maana mtu akiifanyia kazi namba miaka miwili inakuwa mali yake. Nilimwambia kwamba kifua chake hakijapungua hata gramu, kilichobadilika ni maandishi. Hakunijibu. Wiki iliyofuata alikuja na daftari jipya, ukurasa wa kwanza ameandika 88.6, na chini yake saa na dakika za kupumzika.

Poda Karani hakuinunua. Hela hiyo ilikwenda kwenye jozi ya sahani za kilo 1.25, ambazo jimu haikuwa nazo, na ambazo alizipima ghalani kabla hajazileta.

Skwoti yake, zoezi la kuchuchumaa na kuinuka nondo ikiwa mabegani, bado. Nayo imesimama tangu wiki ya saba, na sahani za upande ule hazijapanda mzanini. Tumeshaongea na mwenye guta kwa Jumapili ijayo.